Kompyuta ya mezani inaamka yenyewe usiku, na asubuhi nyengine haiamki kabisa

Muulizaji, Chake Chake

Assalaam alaykum. Nina kompyuta ya mezani niliyoiunganisha mwenyewe: bodi mama mpya, RAM mbili za DDR4 za gigabaiti 8 kila moja, kadi ya picha, na pawa saplai niliyoitoa kwenye mashine ya zamani. Inatumia Windows 10, na mchana kutwa haina tatizo lolote. Nikiilaza jioni huzindukana yenyewe kwenye saa nane za usiku, feni zikavuma na taa za kesi zikamulika chumba kizima. Asubuhi nyengine hutokea kinyume chake: nikibonyeza kibodi feni zinazunguka, lakini skrini inabaki nyeusi, hata taa ya Caps Lock haiitiki, na inanilazimu kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Windows nimeshaisakinisha upya, hali ni ile ile. Naomba kuelekezwa pa kuangalia kabla sijanunua vifaa vyengine.

Jibu, Mwanakwerekwe

Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, hayo ni maradhi mawili, na kila moja lina dawa yake. Hili la kuamka ndilo jepesi, kwa kuwa kompyuta yenyewe huweka kumbukumbu ya kilichoiamsha. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, uandike `powercfg /lastwake`, kisha `powercfg /waketimers`, halafu `powercfg /devicequery wake_armed`, amri ambayo itakutajia vifaa vyote vilivyoruhusiwa kuiamsha. Mara nyingi huwa ni mausi au kadi ya mtandao. Hata hivyo, saa uliyoitaja inanifanya niishuku Windows yenyewe, kwa sababu matengenezo yake ya kila siku, usipoyabadilisha, hupangwa saa nane za usiku, na kuna kisanduku kinachoyaruhusu kuiamsha mashine iliyolala. Kitafute ndani ya Control Panel, sehemu ya usalama na matengenezo, ukiondoe alama.

Muulizaji, Chake Chake

Ahsante sana. Amri ya pili imeonesha hayo hayo matengenezo. Nimeondoa alama, na kadi ya mtandao nimeinyima ruhusa pia. Sasa inalala mpaka asubuhi. Skrini nyeusi ndiyo iliyobaki.

Jibu, Wete

Kompyuta ikilala kwa mtindo wa kawaida, karibu kila kitu huzimwa isipokuwa RAM, ambayo huendelea kupewa umeme kidogo ili isipoteze ilichokishika. Wakati wa kuamka, BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi mama inayoiwasha mashine, hulazimika kuirudishia RAM mipangilio yake yote, na hapo ndipo mashine nyingi za kuunganisha zinapokwama, hasa ikiwa XMP, mpangilio wa BIOS wa kuikimbiza RAM zaidi ya mwendo wake wa msingi, imewashwa. Izime XMP, uitumie mashine hivyo kwa siku kadhaa, uone. Ikiwa haikusaidia, mshukiwa wangu wa pili ni hiyo pawa saplai ya zamani: ina njia ya volti 5 inayobaki hai mashine inapolala, na njia hiyo ikichoka, mashine inaweza kufanya kazi mchana kutwa bila ya kuonesha dalili yoyote kisha ikashindwa kuamka. Azima nyengine ujaribu nayo kabla ya kununua.

Jibu, Malindi

Kwa huku kwetu, ambako umeme hukatika bila ya hodi, mimi naona afadhali kuacha kuilaza na kutumia haibaneti, kwa sababu kila kilichomo kwenye RAM huandikwa diskini na mashine huzimika kabisa, hivyo umeme ukenda usiku hupotezi kitu. Andika `powercfg /h on`, kisha uiongeze kwenye menyu ya kuzimia. Uiachie nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski. Pia tazama kama mtengenezaji wa bodi ametoa BIOS mpya, lakini usiisakinishe bila ya UPS (betri ya akiba ya umeme): umeme ukikatika katikati, bodi inaweza isiwake tena.

Jibu, Wete

Haibaneti naiunga mkono kwa ajili ya umeme, ila haiponyi kasoro ya RAM, inaikwepa tu. RAM isiyotulia kwenye mwendo wa XMP inaweza kukuharibia mafaili hata mashine ikiwa macho. Anza na XMP peke yake, BIOS mpya usiisakinishe kwanza, maana ukibadilisha mawili kwa pamoja hutajua lipi lililosaidia.