Raifo mbili za kiwandani nilizonazo, au moja ya oda? Nataka niamue kabla ya Julai

Mti_Mkavu

Wakuu, habari za mchana. Kuna jambo linanizungusha kichwa tangu msimu ufungwe, nimeona nilimwage hapa kwa wenye uzoefu.

Mimi ni mwindaji bingwa, huu ni mwaka wa 14 kazini, zaidi pori la Rungwa na misimu michache Ugalla. Nina raifo mbili za kiwandani, zote nilinunua kwa wazee waliokuwa wanaacha kazi. Moja ni ya kaliba (upana wa risasi kwa inchi) .375 H&H, ndiyo ya kila siku. Ya pili ni .458 Winchester Magnum, naishika tukiingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa. Viwanda sivitaji. Ya .375 imepata ufa kwenye ubao, nyuma kidogo ya triga, urefu wa kidole cha shahada. Halafu magazini ikijaa, risasi moja hupanda imeinama, inagonga mdomo wa chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) mpaka uisukume kwa nguvu.

Mwaka jana nilikuwa na mgeni aliyekuja na raifo ya oda. Jioni kambini akaniruhusu niishike. Nikafumba macho, nikainyanyua begani, nikafumbua: vilengeo vimekaa mbele ya jicho vyenyewe, sikuvitafuta. Tangu siku hiyo nikishika zangu naona kama nimeazima.

Fundi mmoja wa Ulaya amenipa bei ya .416 Rigby, bolti (komeo la kupakia risasi) ya mtindo wa Mauser, ubao wa mjozi kwa vipimo vyangu: dola 11,500 kabla ya usafiri na vibali, kusubiri miezi 18. Nikitaka niipate, niuze zote mbili na akiba ya kiwanja iende humo. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje?

Kisiki

Mkuu, jibu ulilipata jioni ile kambini. Suruali ya dukani unaivaa na mkanda, ya fundi aliyekupima inakaa yenyewe. Wewe hii ni kazi yako, si starehe ya siku 10 kwa mwaka.

Na kaliba uliyochagua imetulia. .416 Rigby ni ya mwaka 1911, enzi za baruti ya kodaiti ambayo ikipata joto ilikuwa inapandisha presha. Ndiyo maana ganda lake ni kubwa kuliko lilivyohitaji kuwa, presha inabaki chini, na ganda linatoka laini hata jua la Oktoba likiwa utosini. Risasi ya greini 400 (kama gramu 26) kwa mita kama 730 kwa sekunde inamtosha nyati na inamtosha tembo. Raifo moja inafanya kazi ya mbili. Uza hizo.

Babu_Moyowosi

Msimwuzishe mwenzenu kiwanja kwa haraka hivyo.

Hilo neno "kiwandani" linabebeshwa dhambi zisizo zake. Hao Rigby wenyewe, kampuni ya bunduki ya Uingereza, walipotengeneza .416 yao walichukua vyuma vya bolti kutoka kiwanda cha Mauser kule Oberndorf, wakaweka mtutu na ubao. Walter Bell, yule mwindaji wa tembo wa Karamoja, tembo zake nyingi aliziua kwa .275, kirisasi cha milimita 7 ambacho leo hapa sheria isingekuruhusu hata kumwelekezea nyati, maana kiwango cha chini ni .375. Ninachotaka kuona mimi kwenye bunduki ya nyati ni ile kucha ndefu ya Mauser, inayoshika kitako cha risasi tangu inatoka kwenye magazini mpaka ganda linaruka. Ukihema, ukirudisha bolti nusu, haikuletei risasi mbili kwa mpigo. Winchester waliiondoa kwenye raifo yao ya Model 70 mwaka 1964 ili kupunguza gharama, wawindaji wakazikimbilia za kabla ya hapo, na miaka ya 1990 kucha ikarudi. Je, zako zinayo? Kama zinayo, tuambie kasoro nyingine ni ipi zaidi ya ufa. Mtu hauzi bunduki mbili kwa sababu ya ufa.

Mti_Mkavu

Shikamoo babu. Kucha zote zinayo.

Niseme ukweli ambao sikuuandika mwanzo: mimi ni mashoto. Nalenga kwa bega la kushoto, na bolti zote mbili ziko kulia. Nikishapiga, mkono wa kushoto unaachia triga, unapita juu ya bunduki, unashika bolti upande wa pili, unavuta, unasukuma, unarudi. Ganda linaruka kulia na kupita karibu na mkono wangu, moshi wake nausikia puani. Nimejifunza hivyo tangu nikiwa msaidizi kwa sababu ya kushoto haikuwepo. Hiyo ya oda ingekuwa na bolti kushoto.

Babu_Moyowosi

Marahaba. Sasa umeleta jambo lenyewe.

Kisiki

Basi ndiyo kabisa! Mtu wa shoto kunyang'anyana na bunduki ya kulia miaka 14, na nyati anakuja? Hapo sioni hata mjadala.

Fundi_Chuma

Nianze na vinavyopona, kwa kuwa kazi hizi nazifanya na leseni yake ninayo.

Ufa nyuma ya triga kwenye raifo yenye teke kubwa hauji kwa sababu ubao ni mbovu. Chini ya chemba kuna jino la chuma ambalo kazi yake ni kupokea teke na kulipeleka kwenye ubao. Lisipokaa vizuri kwenye kitanda chake, chuma chote kinarudi nyuma kila unapopiga, na ule mkia mwembamba wa chuma ulio nyuma ya triga unaingia kwenye ubao kama kabari inayopasua kuni. Dawa yake: natoa chuma, nachonga kitanda, namwaga epoksi nyuma ya jino ili lilale bila kucheza, napitisha boliti ya chuma (si ile bolti ya kupakia) upande kwa upande ndani ya ubao, halafu nyuma ya mkia naacha nafasi ya unene wa karatasi nzito ili chuma kisiguse tena. Ufa wenyewe naujaza gundi na kuubana. Ubao ukitengenezwa hivyo unakuwa imara kuliko ulivyotoka kiwandani.

Risasi inayoinama: angalia ni aina gani inafanya hivyo. Nyingi zenye pua bapa, zile za shaba tupu za tembo, ndizo zinazokwama, za pua ya mviringo zinapita. Mara nyingi ni midomo ya magazini au springi iliyochoka. Nasugua kidogo, najaribu, nasugua tena. Ni kazi ya subira. Yote hayo kwangu hayafiki dola 900, na bei ya mafundi wengine haiko mbali na hapo.

Ile .458 nayo isikutie unyonge. Ilitoka mwaka 1956 ikiwa na ganda fupi la milimita 63.5, baruti ikashindiliwa mno, mpaka nyingine ikagandamana na kasi kushuka. Mwindaji Jack Lott alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, akaja kutengeneza ganda refu zaidi, la kama milimita 71, mwaka 1971. Baruti za leo zimemaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo. Ukitaka, na kama magazini ina urefu wa kutosha, raifo yako inaweza kupanuliwa chemba iwe .458 Lott na bado ikapiga risasi za zamani, ila kaliba imeandikwa kwenye leseni, kwa hiyo pitia polisi kwanza kabla fundi hajagusa chuma.

Kuhusu kushoto sisemi kitu. Hilo halitengenezeki kwa tupa.

Dada_wa_Ugalla

Kaka Mti_Mkavu, hebu tutenganishe mambo mawili uliyoyachanganya. Ile raha ya kufumba macho na vilengeo kukaa vyenyewe ni ya ubao, haina uhusiano na bolti.

Mimi ni mfupi na mikono yangu mifupi. Miaka minne ya mwanzo nilikuwa napigwa na bunduki shavuni, nikaamini ni teke la .375. Siku moja mwalimu wangu akaniambia nikunje kiwiko, nikiweke kitako cha bunduki kwenye kikunjo cha mkono, nione kidole kinafika wapi. Hakikufika kwenye triga, kilibaki kwenye ncha. Tukakata sentimita 3 na kuweka mpira mpya. Raifo ni ileile ya kiwandani, lakini bega langu lilihisi nimebadilishiwa. Mgeni wako yule bila shaka ana mwili kama wako. Peleka ubao wako ukatwe au uongezwe, shavu la ubao lichongwe kwa upande wa kushoto, halafu fumba macho tena.

Mkongwe_wa_Maswa

Naomba nieleze yaliyonipata, yamekaa kwenye mada.

Nilikuwa na raifo mbili. Moja sefti yake (kifungio cha usalama) unasukuma mbele ndipo ipige. Nyingine ya zamani, yenyewe unavuta nyuma. Niliitumia ya kwanza miaka mingi, nikaipenda ya pili kwa nguvu zake, nikaanza kutembea nayo. Mwezi mzima sikukosea, maana nilikuwa nakumbuka. Jioni moja nyati dume aliyekuwa na risasi ya mgeni tumboni akasimama kutoka kwenye majani, hatua 15. Dole gumba likasukuma mbele. Sefti haiendi mbele, iko mbele tayari. Nikasukuma tena. Nakumbuka nilikuwa naliangalia lile jicho lake la kulia, lina udongo pembeni, na dole linasukuma. Aliyemwangusha ni mfuata nyayo wetu aliyekuwa na bunduki ya akiba nyuma yangu.

Wewe una miaka 14 ya mkono kupita juu. Ukibadilisha bolti, siku ya jua zuri mkono utakwenda kushoto kwa kuwa unakumbuka. Siku ya yule wa majanini utapita juu na kushika hewa.

Kisiki

Mzee wangu nimekusoma na mwili umenisisimka. Ila nakataa kidogo. Mti_Mkavu ana miaka mingapi? Kama yuko chini ya 45 bado ana misimu 20 mbele. Tumhukumu atembee na kasoro miaka 20 kwa kuogopa mwaka mmoja wa kujifunza upya? Mkono unafundishika. Askari wanabadilishiwa silaha na wanazoea.

Mti_Mkavu

Nina 39.

Babu_Moyowosi

Kisiki ana hoja na Mkongwe ana hoja. Kwa hiyo acha kubishana na mioyo, pima. Tafuta mtu mwenye raifo ya bolti ya kushoto, ziko chache lakini zipo. Iwe tupu, uweke risasi bandia tatu. Mtu asimame nyuma yako na saa, akigonga sufuria unapandisha na kufyatua tatu. Fanya kwa yako, fanya kwa hiyo. Kabla ya kila zamu kimbia mita 50, maana ukiwa umepumzika kila mtu ni hodari. Andika kila mara mkono unapokwenda pasipo.

Dada_wa_Ugalla

Na kabla ya oda, ziko za kiwandani za kushoto. Blaser R8 inatengenezwa hivyo, bolti yake unavuta moja kwa moja bila kuinua. Za mitutu miwili kama Heym 88B au Krieghoff hazina bolti kabisa, kwa hiyo mashoto na mtu wa kulia wanalingana, tofauti ni namna ubao ulivyopinda. Bei zake sizitetei, ila usidhani njia ni ya oda peke yake.

Jambo jingine ni risasi. Ukiuza mbili ubaki na .416 moja, siku sanduku la risasi likichelewa uwanja wa ndege umekwama. .375 H&H ipo tangu mwaka 1912, hukosi kambi ya jirani yenye nayo. Raifo moja pia ina maana ikipata hitilafu porini huna ya pili, na mgeni ameshalipia siku zake.

Mti_Mkavu

Wakuu, zimepita wiki tatu, narudi na majibu.

Nimeazimwa raifo ya kushoto na jamaa mmoja wa Arusha, mwenyewe akiwepo muda wote. Tulifanya kama babu alivyosema, sufuria na kukimbia. Kwa yangu, tatu nilizimaliza kwa wastani wa sekunde 6 na nusu, mkono haukupotea hata mara moja. Kwa ya kushoto siku ya kwanza, kati ya mara 10, mara 6 mkono ulipita juu ukashika hewa. Mzee Mkongwe, nilikukumbuka. Wiki ya tatu imebaki mara 2 kati ya 10, na zile 8 zilizokwenda vizuri ni sekunde 5, shavu halikuondoka kwenye ubao. Kwa hiyo Kisiki naye hakusema uongo.

Mara 2 kati ya 10 siwezi kuingia nazo kichakani na mgeni nyuma yangu. Msimu huu natembea na zangu. .375 nimeipeleka kwa fundi jana pamoja na karatasi zake: epoksi, boliti ya ndani, magazini. Tulipopima kitako kwa kiwiko ilionekana ni kirefu kwangu kwa sentimita 2, kinakatwa, na shavu linachongwa kwa kushoto. .458 haiguswi. Fundi wa Ulaya nimemwandikia kwamba oda isubiri, kiwanja kimebaki.

Jamaa wa Arusha amekubali niende kwake kila nikitoka porini kuendelea na ile ya kushoto. Msimu ukifungwa nitapiga tena sufuria, nitaleta namba hapa.

Fundi_Chuma

Ukiichukua .375, usiipige mpaka siku tatu zipite, epoksi ikauke vizuri. Halafu piga tano za kwanza kwenye shabaha, fungua skrubu, angalia nyuma ya mkia kama kuna alama ya kugusa.

Mti_Mkavu

Sawa mkuu. Nitapiga picha ya hapo nyuma ya mkia nikuonyeshe.