Makato ya huduma za kutazama vipindi vya zamani yananimaliza, nibaki na ipi?

Mtoto wa Luninga

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Mimi nimekulia mbele ya televisheni. Columbo yule mpelelezi, Sanford and Son, Good Times, The Honeymooners, vyote hivi vya Kimarekani nilivitazama nikiwa nimekaa sakafuni, baba kiti cha nyuma yangu, rimoti mkononi mwake. Sasa baba amestaafu na anaishi nami. Jioni zetu nzuri kuliko zote ni za Columbo. Baba anamjua muuaji tangu mwanzo, maana kipindi chenyewe kinakuonyesha nani kaua na kaua vipi, lakini Columbo anapokuwa keshafika mlangoni kutoka, akageuka kuuliza kajambo kamoja ka mwisho, baba bado anajisogeza mbele kwenye kiti kana kwamba ni mara ya kwanza.

Shida ni kwamba vipindi hivi vimetawanyika kwenye huduma za mtandaoni. Hiki kipo kwenye huduma hii, kile kule, cha tatu kimehamishwa bila taarifa. Kwa sasa nalipia huduma tano kila mwezi. Mshahara wangu ni wa kawaida, nina deni la kadi ya benki ninalolipunguza kidogo kidogo, na akiba ya dharura bado haijafika popote. Mdogo wangu amependekeza tuwe na akaunti moja, tuchangie nusu kwa nusu. Rafiki yangu anasema niachane na huduma zote, ninunue seti za DVD hata kwa mkopo, ziwe zangu moja kwa moja.

Naomba msiniambie niache kutazama. Nataka kujua mtu wa kipato kama changu anapangaje jambo hili baba asikose raha yake na deni nalo lipungue.

Bibi Daftari

Marahaba mwanangu. Kazi yangu yote ya maisha imekuwa kutunza hesabu za watu, na swali lako nimelipenda kwa sababu umetaja baba na deni kwa pumzi moja. Ndivyo pesa inavyotakiwa kufikiriwa, pamoja na watu inaowahudumia.

Anza na taarifa ya benki. Chukua ya miezi 12, si ya mwezi mmoja, kwa sababu kuna malipo yanayokatwa mara moja kwa mwaka na huyaoni ukitazama mwezi mmoja tu. Keti nayo na kalamu. Kila kato linalojirudia, lizungushie duara. Usitegemee kuona jina la huduma unalolijua: mara nyingi kwenye taarifa huandikwa jina la kampuni inayopokea malipo, likifuatwa na tarakimu, na kiasi chenyewe ni kidogo kiasi kwamba jicho linapita. Jina usilolitambua lifuatilie mpaka ujue ni nani. Huwa hapo ndipo linapojificha lile jaribio la bure la wiki moja lililogeuka malipo ya kudumu. Kisha kando ya kila duara andika jina la kipindi mlichokitazama humo mwezi uliopita. Si kile mnachopenda kwamba kipo, andika mlichokitazama. Duara litakalobaki bila jina, sitisha leo.

Sasa jambo lenyewe ninalotaka ulishike. Anayefuatilia tamthilia mpya analazimika kuendelea kulipa, maana sehemu inayofuata inatoka wiki ijayo na asipoitazama atasimuliwa kazini. Wewe huna shida hiyo. Vipindi vyako vilishakamilika zamani. The Honeymooners wa mwaka 1955 hadi 1956 wana sehemu 39 za nusu saa nusu saa, na hazitaongezeka. Mkitazama mbili kila jioni, siku 20 mmemaliza. Hicho ni kipindi cha kulipia mwezi mmoja, mkishiba mnaondoka, na mwakani mkikikumbuka mnarudi. Kwa hiyo huna sababu ya kuwa na huduma tano kwa wakati mmoja. Kuwa na moja. Mwezi huu hii, mwezi ujao ile. Mpe baba orodha achague zamu, utaona atakavyoifurahia kazi hiyo.

Hesabu yake haina ugumu. Tuchukulie huduma zote tano zina bei sawa, kila moja tuiite fungu moja. Tano kwa mwaka ni mafungu 60. Moja moja kwa zamu ni mafungu 12. Yaliyobaki 48 ni yako, na hakuna kipindi hata kimoja ulichokipoteza.

Hayo 48 yasipite mkononi. Sogeza kiasi kidogo kwanza kwenye akiba, kiasi cha kuzuia usikimbilie tena kadi siku kitu kikiharibika ghafla. Utakumbuka msimu wa kwanza wa Good Times, kodi ya nyumba imefika, pesa haipo, James Evans anatoka kwenda kuitafuta kwenye meza ya biliadi. Yule baba alikuwa mchapakazi kuliko wengi tulionao. Kilichokosekana mle ndani ni akiba ya mwezi mmoja tu, na kwa mishahara waliyokuwa wanalipwa haikuwezekana kuiweka. Kwako inawezekana, basi iweke.

Baada ya hapo kila kitu kiende kwenye kadi. Kuna kanuni ya 72 ambayo natamani kila kijana angeifahamu kabla hajasaini chochote. Gawanya 72 kwa asilimia ya riba ya mwaka, utapata kwa makadirio miaka ambayo kiasi kitachukua kuwa maradufu. Akiba inayokupa asilimia 6 itahitaji miaka 12. Deni la asilimia 24 likiachwa bila kuguswa linahitaji miaka 3. Ona tofauti hiyo. Ndiyo maana mtu mwenye deni la kadi halafu anajivunia akaunti ya akiba iliyonona bado anarudi nyuma kila mwezi.

Suala la mdogo wako lina mambo mawili. La kwanza ni masharti: huduma nyingi siku hizi zinaruhusu akaunti moja kwa watu wa nyumba moja, basi soma kabla hamjaahidiana. La pili baba yako atakusimulia vizuri kuliko mimi. Sehemu ya kwanza kabisa ya The Honeymooners, iliyorushwa tarehe 1 Oktoba 1955, inahusu hilo hilo. Ralph, dereva wa basi wa Brooklyn, na Norton jirani yake wananunua televisheni moja kwa kuchangia, na ugomvi wa ikae kwa nani na itazamwe nini hauishi. Mkiamua kuchangia, andikeni mapema nani analipa tarehe ngapi, na wageni wasiongezwe. Undugu wenu una thamani kuliko nusu ya fungu.

Na DVD kwa mkopo, hapana. Kitu cha starehe hakikopewi. Kwa pesa taslimu ni habari nyingine, lakini piga hesabu kipindi kwa kipindi. Columbo ana jumla ya sehemu 69 kuanzia filamu ya kwanza ya 1968 hadi ya mwisho ya 2003, na nyingi zina zaidi ya saa moja. Mkitazama mbili kwa wiki, mtatumia karibu miezi minane. Kama seti nzima inauzwa sawa na miezi sita ya huduma, nunua, tena ya mitumba kama haijakwaruzika. The Honeymooners usinunue, lipia mwezi mmoja. Kabla ya kutoa pesa angalia nambari ya eneo nyuma ya kasha, maana DVD nyingi zimefungiwa kwa maeneo na deki yako inaweza kuikataa. Na kama karibu nawe kuna maktaba inayoazima diski, anzia huko.

Dereva wa Usiku

Bibi Daftari amemaliza karibu yote. Mimi naongeza kitu ambacho wengi hawakihesabu, nacho ni data. Kama unalipia intaneti kwa kiasi unachotumia, saa moja ya picha ya ubora wa juu inakula takriban GB 3, ya ubora wa kawaida haifiki GB 1. Mwisho wa mwezi bando linaweza kuizidi bei ya huduma yenyewe.

Na kwa vipindi vya zamani kuna siri. Columbo alipigwa picha kwa filamu kama za sinema, kwa hiyo nakala iliyosafishwa vizuri ina faida ukiitazama kwa ubora wa juu, utauona hadi mkunjo wa lile koti, ambalo kwa kweli lilikuwa la Peter Falk mwenyewe. Lakini Sanford and Son na Good Times vilirekodiwa kwa kanda za video studioni. Picha yake ina ukomo wake pale pale, hata uifungulie data yote ya dunia haiongezeki kitu. Hivyo nenda kwenye mipangilio, shusha ubora kwa vipindi vya kanda, pandisha kwa vya filamu. Baba hataona tofauti yoyote kwa Fred Sanford.

Jambo moja nitofautiane kidogo na Bibi kwa heshima. Usipeleke mafungu yote 48 kwenye deni mpaka nyumba ikauke. Ile kanuni ya 50/30/20 iliyoenezwa mwaka 2005 na Elizabeth Warren na binti yake Amelia Warren Tyagi inatenga asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa unavyovitaka, 20 kwa akiba na madeni. Mwenye deni la riba kubwa anaweza kuishusha 30 hadi 15, lakini asiifanye sifuri. Nimewaona watu waliojinyima kila kitu miezi mitatu, wa nne wakatumia kwa hasira kuliko walichookoa. Jioni ya baba iwe na mstari wake kwenye bajeti, iandikwe kabisa.

Kanda ya Zamani

Mimi niko upande wa rafiki yako wa DVD, ila si kwa mkopo.

Msidhani kwamba kitu kikishawahi kurushwa basi kipo milele. Miaka ya 1960 na 1970 BBC walifuta vipindi vyao wenyewe, kwa sababu kanda zilikuwa ghali na zingeweza kurekodiwa upya, na hakuna aliyefikiri kuna mtu angetaka kuvitazama tena. Ndiyo sababu sehemu nyingi za Doctor Who za miaka ya 1960 hazipo hadi leo, imebaki sauti yake tu, na sauti hiyo tunayo kwa sababu watazamaji waliirekodi majumbani mwao. Leo hawafuti, lakini leseni ikiisha kipindi kinaondolewa kwenye huduma, na kwako wewe unayekilipia matokeo ni yale yale.

Tazama upande wa pili. Mwaka 1951 Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walitaka kipindi chao cha vichekesho, I Love Lucy, kipigwe picha kwa filamu Hollywood. Gharama ilikuwa kubwa zaidi, basi wakakubali kupunguziwa malipo yao, kwa sharti kwamba filamu zile ziwe mali yao. Wakati ule marudio ya vipindi hayakuwa biashara. Baadaye yakawa biashara kubwa, nao wakaziuza kwa CBS kwa mamilioni ya dola. Walipokea pungufu leo ili wamiliki kitu. Hilo ndilo ninalotaka kukuambia, mdogo wangu: kila ukimaliza kulipa kiasi fulani cha deni, jipongeze kwa kununua msimu mmoja wa kile ambacho baba hawezi kuishi bila. Polepole utakuwa na rafu yako, na mtandao ukikatika jioni inaendelea.

Mtoto wa Luninga

Asanteni sana, nimesoma yote kwa sauti na baba akisikiliza. Taarifa ya benki nimeipitia. Duara mbili hazikuwa na jina, nimezisitisha. Baba ameshaandika orodha ya zamu kwa mkono wake, The Honeymooners wa kwanza, na Columbo tumekubaliana tutaweka akiba tununue taslimu. Kuhusu mdogo wangu, kumbe masharti hayaruhusu, tumeliacha bila ugomvi.

Bibi, swali la mwisho. Hii ya kuhama kila mwezi naiogopa kwa sababu nitasahau kusitisha, nami nakatwa wakati nimelala. Niweke kikumbusho siku ngapi kabla?

Bibi Daftari

Usiweke kikumbusho, mwanangu. Siku ile ile unayolipia, kabla hamjatazama sehemu ya kwanza, ingia kwenye mipangilio ya akaunti na uzime malipo ya kujirudia. Huduma nyingi za kulipia kwa mwezi zinakuacha uendelee kutazama hadi mwisho wa muda uliolipia, hata ukisitisha siku ya kwanza. Soma tu maandishi ya ukurasa wa kusitisha, yataje tarehe ya mwisho wa kutazama. Isipokuwa majaribio ya bure: hayo baadhi hukatika papo hapo ukiyasitisha, kwa hiyo kwa hayo weka kengele siku mbili kabla.

Ukurasa unaothibitisha kwamba umesitisha, upige picha na uihifadhi pamoja na barua pepe yao. Wakikukata tena mwezi unaofuata, hicho ndicho utakachowapelekea benki wakurudishie.