Miembe ya mbegu: tuchague michache bora tuibebeshe, au tuiache ilivyo?

Kitalu: Embe lenye kiini kimoja kwenye kokwa, yaani linalochipua mche mmoja tu, halizai mche unaofanana na mama. Panda kokwa za mti mmoja uone: huu nyuzi tupu, ule mtamu, mwingine kokwa kubwa nyama kiduchu. Nashauri tuipime miti hiyo mmoja mmoja: uzito wa tunda, sukari, nyuzi, ukubwa wa kokwa. Iliyo bora tuchukue vikonyo, yaani vijiti vyenye macho, tubebeshe: tuviunge kwenye mashina ya miche mingine. Swali langu: tuanze na sifa ipi? Wanaong'ang'ania kupanda mbegu wanatuchelewesha tu.

Mlinzi wa Mbegu: Tunawachelewesha? Kaka, Haden, aina ya embe iliyo mzazi wa maembe mengi ya biashara, ilitokana na mbegu ya aina ya Mulgoba iliyopandwa Florida mwaka 1902. Bila mtu wa mbegu ungebebesha nini, hewa?

Dada Shina: Parachichi la Hass nalo ni la mbegu, miaka ya 1920 hivi, California. Mwenye mti, Rudolph Hass, alijaribu kuubebesha ule mche aina nyingine, ukakataa, nusura aukate.

Kitalu: Mnanisaidia hoja! Ulichaguliwa mti mmoja, ukabebeshwa, leo Hass zote zimetoka kwake.

Mlinzi wa Mbegu: Umeruka neno "nusura aukate". Wapimaji kama wewe ndio wenye panga.

Mzee Kokwa: Wanangu, mwembe mwaka huu unazaa kupita kiasi, mwakani unapumzika. Mkipima msimu mmoja mmepima bahati. Na mti ulioota jirani na zizi unakula samadi; ukubwa wa tunda lake hauko kwenye asili yake. Chukueni vikonyo vya kila mti, bebesheni kwenye mashina ya aina moja, shamba moja. Hapo ndipo mtalinganisha.

Dada Shina: Shikamoo mzee, tumekusikia. Ila Kitalu hajafuta kauli yake kuhusu watu wa mbegu.

Viini Vingi: Tena hiyo kauli haina msingi. Kuna maembe ambayo kokwa moja huchipua miche kadhaa, na mingi yake ni mama mtupu, nakala yake kabisa.

Kitalu: Nimeandika "kiini kimoja". Soma kabla ya kurusha jiwe.

Viini Vingi: Nimesoma. Mkulima hapasui kokwa kuhesabu viini. Anasikia tu kwamba mbegu ni mbaya, anang'oa.

Mchukuzi: Sifa ya kwanza iwe ganda. Aina ya embe ya Tommy Atkins ina nyuzi na utamu wake wa kawaida, lakini inavumilia safari. Ndiyo iliyojaa masokoni.

Mlinzi wa Mbegu: Kwa hiyo tunamchagulia mlaji au lori?

Mchukuzi: Embe lililooza njiani halina mlaji, ndugu.

Dada Shina: Na mwenye mti je? Hass alipata hataza, haki ya kisheria ya kumiliki aina yake, mwaka 1935, na bado watu walinunua mche mmoja wakabebesha shamba zima. Sasa bibi mwenye mwembe mmoja uani ndiye atalindwa?

Kitalu: Mti uandikwe kwa jina lake, alipwe kwa kila mche unaouzwa. Hilo nalitetea popote. Lakini mti mzuri ufe bila kikonyo kwa kuogopa wezi? Sikubali.

Mlinzi wa Mbegu: Na hiyo miche atahesabu nani? Wewe mwenye kitalu?