Dawa ya kunywa ya MRI ya ini badala ya gadolini, imefikia wapi?

mtotowamzee: Habarini wakuu. Mzee wangu ana homa ya ini B miaka mingi na figo nazo zimechoka, eGFR (kipimo cha damu cha nguvu ya figo) ya mwisho ilisoma 24. Ultrasaundi imeonyesha kivimbe cha sentimita 2 kwenye ini, daktari akaandika MRI ya dawa, kufika kule walipoona kipimo cha figo wakasita kumchoma gadolini, ile dawa ya kung'arisha picha za MRI, tukarudi nyumbani na fomu ileile mzee kaikunja kaiweka kwenye mfuko wa dawa zake. Binamu yangu anasema Ulaya wanajaribu dawa ya kunywa yenye madini ya manganizi. Ni kweli? Na wanaipimaje maana dawa ya picha haimponyi mtu?

zamu_ya_usiku: Pole sana ndugu. Ni kweli, inaitwa Orviglance, ya kampuni ya Ascelia Pharma ya Sweden. Unakunywa, manganizi inafyonzwa kwenye utumbo inakwenda moja kwa moja kwenye ini, seli za ini zenye afya zinaidaka halafu zinaitoa kwa nyongo, figo hazibebi mzigo. Ini linang'aa, uvimbe usio na seli za ini unabaki giza. Jaribio kubwa liliitwa SPARKLE, majibu yalitoka 2024, na walichukua watu wenye figo mbovu hasa kama mzee wako. Kila mgonjwa alipigwa MRI bila dawa halafu akapigwa tena na dawa, yaani analinganishwa na yeye mwenyewe, picha zikasomwa na wataalamu waliokaa pembeni na jaribio: mpaka wa uvimbe unaonekana vizuri kiasi gani, na unatofautiana vipi na ini lililouzunguka. Majibu yalikuwa mazuri.

mtotowamzee: Mungu mkubwa. Sasa tuisubiri?

bi_mkubwa_radiolojia: Mwanangu usisubiri. Mtu mwenye homa ya ini B tunachokiogopa ni saratani ya ini lenyewe, na hiyo tunaitambua kwa jinsi damu inavyoingia kwenye uvimbe sekunde za mwanzo baada ya kuchoma dawa, unawaka kuliko ini halafu baadaye unafifia. Dawa ya kunywa inafika taratibu, zile sekunde haikupi. Nzuri kwa kuona kama kuna kitu na kiko wapi, kukitaja jina ni kazi nyingine.

Uliza mambo mawili. La kwanza, gadolini ipi? Ule ugonjwa wa ngozi kukakamaa uliohusishwa na gadolini mwaka 2006 ulitokana zaidi na zile za zamani, na mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha nyingi za aina hiyo. Zile ambazo gadolini imefungiwa ndani ya molekyuli ya duara hatari yake ni ndogo mno hata eGFR ikiwa chini ya 30, daktari wa figo na wa picha wakae waamue. La pili, ultrasaundi ya viputo: ni gesi ndani ya maganda madogo yanayochomwa mshipani, inatoka kwa pumzi, figo haziguswi kabisa, na zile sekunde za mwanzo unaziona laivu kwenye skrini. Marekani waliiruhusu kwa ini mwaka 2016.

mtotowamzee: Shikamoo mama, na asante sana. Hilo la viputo hakuna aliyetutajia. Jumatatu narudi na fomu, naandika yote mawili nyuma yake.

bi_mkubwa_radiolojia: Marahaba. Beba na picha za ultrasaundi zenyewe, siyo ripoti tu.