Nataka kwenda kikundi cha wanaoacha pombe ila naona aibu, naombeni mwongozo

Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja, nakunywa kila siku miaka kama tisa sasa, nimejaribu kuacha mwenyewe si chini ya mara nne, ya mwisho nilifika siku 11 nikarudi kwa kasi ya ajabu yani kama nalipia deni. Kazini wameshaanza kuninusa. Mke wangu kaniambia kuna vikundi vya watu wanaoacha pombe wanakutana wanaongea, sasa sijui hata navipataje, na nikivipata naogopa nitaingia nikute mtu ananijua halafu kesho habari imesambaa. Alafu eti unasimama mbele unasema mimi ni mlevi? Hapo kwa kweli sidhani. Aliyewahi kwenda anipe picha kamili, kejeli hapana.

KobeMwenda:
Pole mkuu, kuandika hivi tu si mchezo. Mimi miaka sita sijagusa. Nilianzia AA, yaani Alcoholics Anonymous, ilianza Marekani 1935 na walevi wawili, mmoja mtu wa soko la hisa mwingine daktari wa upasuaji, kwahiyo usidhani ulevi unachagua. Kuvipata ingia tovuti yao kuna sehemu ya kutafuta mikutano, au uliza kliniki ya afya ya akili, hata nyumba za ibada maana mikutano mingi inafanyika kwenye kumbi zao ingawa AA yenyewe haina dini. Piga simu kwanza uhakikishe, ratiba nyingine za mtandaoni zilishakufa zamani, mimi mara ya kwanza nilikuta geti limefungwa na unajua nilipoishia siku ile.

Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, huo anaingia yeyote hata ndugu, ule mwingine ni wa wenye shida ya pombe tu. Unataja jina la kwanza basi, hakuna ada, kuna kikapu kinapita ukitaka unatia ukitaka unapitisha, sharti ni moja tu uwe unataka kuacha. Na ukimkuta anayekujua, kwani yeye kafuata nini pale? Hiyo ya kusimama mbele umeiona kwenye muvi, mimi mikutano mitatu ya mwanzo nilisema "leo nasikiliza tu" wakaenda kwa mwingine. Saa moja, saa moja na nusu imeisha.

NesiWaZamu:
Naingilia kidogo. Mleta uzi hujasema, asubuhi kabla hujanywa mikono inatetemeka? Jasho? Unazimua ndo uweze kutoka? Kama ndiyo USIKATE GHAFLA peke yako nyumbani. Degedege linaweza kukupata ndani ya siku mbili za mwanzo, na ile ya kuchanganyikiwa na kuona vitu visivyokuwepo mara nyingi huja siku ya pili mpaka ya nne, hiyo inaua kweli sio kutishana. Muone daktari kwanza, kuna dawa za kutuliza anakupa siku chache anazipunguza taratibu pamoja na vitamini B1. Kikundi ni kizuri sana ila arosto ya pombe haitibiwi kwa maongezi. Nimepokea wengi waliofanya ushujaa wa nyumbani.

Mbishi_Kidogo:
Mimi AA ilinishinda, zile Hatua 12 wanazofuata kule ili kuacha, na habari za Mungu "kama unavyomwelewa" nikawa nabishana kichwani badala ya kusikiliza. Nikahamia SMART Recovery, wao wameanza 1994, kule mnajifunza hamu inakujaje na unaipisha vipi mpaka ipite, na kuna mikutano ya video. Ila nikiri AA wako kila kona sisi ni wachache. Jaribu viwili vitatu kabla hujasema havifai, hata AA hiyohiyo watu wa Jumanne na watu wa Alhamisi unaweza kudhani ni sayari mbili.

KobeMwenda:
Sikubishii mbishi 😂 ila kwangu huyo "Mungu" alikuwa ni lile kundi la watu lenyewe, na hakuna aliyenikagua.

MamaWawili:
Mwambie na mkeo ana kwake, inaitwa Al-Anon, ipo tangu 1951, ni ya ndugu na wenza. Sio aende kujifunza kukuchunga, ni kwa ajili yake yeye. Mimi nilikuwa namwaga chupa, nanusa mashati, nahesabu dakika alizochelewa, upolisi ule niliuachia pale.

Mleta uzi:
Mrejesho wakuu. Nesi ulinishika, mikono ilikuwa inatetemeka na nilificha, nimeanzia kwa daktari. Jana ndo nimeenda mkutano. Nimepita pale mlangoni mara mbili najifanya naongea na simu, ya tatu kuna mzee alikuwa anapanga viti akanikabidhi viwili bila kuniuliza kitu nikajikuta niko ndani. Nilitaja jina tu. Na ndiyo, kuna jamaa wa kazini kwetu alikuwepo, akaniangalia akasogeza begi lake nikae. Mwisho yule mzee kaniandikia namba yake akasema nipige muda wowote hata usiku. Sasa nampigia naanzaje, nasema nini?

KobeMwenda:
Sema "shikamoo, ni yule wa viti". Ila piga kabla hujafungua chupa mkuu, sio baada.