Wharram Percy (Yorkshire): kijiji kilikufa, mbona parokia iliendelea kuishi?

Mdadisi_wa_Mahame

Habari zenu wakuu. Ninaandaa somo kuhusu mahame ya zama za kati huko Uingereza, na nimechagua Wharram Percy. Mambo matatu yananitatiza. Kwanza, vyanzo vingi vinasema tauni ya 1349 ndiyo iliyoua kijiji, vingine vinataja kondoo. Pili, kama watu waliondoka mnamo 1500, kwa nini kanisa la Mtakatifu Martin liliendelea na ibada hadi karne ya 20? Tatu, mtu anasomaje yale matuta ya majani yanayoonekana kwenye picha za angani? Naomba majibu yenye tarehe.

Chemchemi_na_Chaki

Mkuu, anza na ardhi, mengine yatafuata. Wharram Percy iko kwenye vilima vya Yorkshire Wolds, kusini-mashariki ya mji wa Malton. Juu kuna mwamba wa chaki, chini yake udongo wa mfinyanzi. Mvua inapenya kwenye chaki, ikifika kwenye mfinyanzi inazuiwa, inatokea pembeni mwa bonde kama chemchemi. Ndiyo maana kanisa na bwawa viko bondeni, nyumba zikajipanga juu ukingoni, na mashamba yakawa nyuma yake kwenye uwanda. Juu huko maji ya kudumu ni shida. Udongo ni mwembamba, unakauka upesi, na unahitaji samadi nyingi ili nafaka izae. Majani, kwa upande mwingine, yanastawi bila jasho. Shika hilo la majani.

Kuhusu tauni: iliua wengi, akiwemo bwana wa kijiji, lakini haikufuta kijiji. Watu walilima hapo kwa miaka 150 zaidi. Hata kabla ya tauni hali ilikuwa mbaya. Hesabu za 1323, baada ya uvamizi wa Waskoti, zinaonyesha mashamba mengi yamelala bila kulimwa na vinu vimeharibika. Mwanzoni mwa karne ya 15 ardhi ilitoka kwa ukoo wa Percy ikaenda kwa ukoo wa Hilton, walioishi mbali. Sufi ya kondoo waliolishwa majani hayo ilikuwa na bei, vibarua walikuwa adimu na ghali, na mchungaji mmoja na mbwa wake waliweza kushika eneo lililohitaji kaya nyingi za wakulima. Tume ya mfalme ya 1517 iliandika kwamba nyumba nne zilibomolewa na plau nne zikawekwa chini, yaani kilimo chake kikasimamishwa. Hizo zilikuwa za mwisho mwisho tu. Kwa hiyo ukiandika "tauni iliua kijiji" unamwondolea lawama mwenye ardhi, na ushahidi hauruhusu.

Mwana_Parokia

Nachukua swali la pili. Parokia si kijiji. Ni mpaka wa zaka, ubatizo na mazishi. Parokia ya Wharram Percy ilikuwa na vitongoji vitano: Wharram Percy yenyewe, Raisthorpe, Burdale, Towthorpe na Thixendale. Vitatu vya katikati navyo vilihamwa, lakini Thixendale haikufa. Watu wake waliendelea kwenda St Martin, kilomita tatu na nusu hivi kwa mstari ulionyooka, kubatiza na kuzika, mpaka walipojengewa kanisa lao mnamo 1870. Baada ya hapo St Martin ilibaki na wachache wa mashambani. Ibada za kawaida zilikoma 1949, na sehemu ya mnara ikaanguka 1959.

Kuta za kanisa ni daftari la idadi ya watu. Karne ya 12 na 13 liliongezewa mabawa pembeni, yaani nafasi za ziada zilizounganishwa na ukumbi kwa matao. Watu walipopungua, mabawa yakabomolewa na matao yakazibwa kwa mawe. Matao yaliyozibwa bado yanaonekana vizuri sana ukutani. Karne ya 17 hata sehemu ya madhabahu ikafupishwa.

Jembe_na_Brashi

Swali la tatu. Tafuta picha iliyopigwa jua likiwa chini, asubuhi au alasiri ya majira ya baridi. Ya saa sita mchana haina vivuli, utaona uwanja mtupu. Kila kaya ilikuwa na kiwanja chembamba: jukwaa la nyumba mbele, shamba dogo nyuma, ukuta mdogo wa udongo katikati ya jirani na jirani. Viwanja vinavyolingana upana na kupangwa mstari mmoja maana yake kuna mtu aliyepima na kugawa.

Kosa la kawaida ni kudhani unachokiona juu ndiyo historia yote. Matuta yanaonyesha awamu ya mwisho tu. Mwanahistoria Maurice Beresford na mwanaakiolojia John Hurst walichimba hapa kila kiangazi, kuanzia 1950 hadi 1990, na chini ya nyumba ya mkulima walikuta ghala la chini la jumba la bwana wa karne ya 12. Kufuata ukuta kwa mtaro mwembamba kusingeonyesha hilo. Ilibidi wafunue eneo zima kwa pamoja, tabaka kwa tabaka.

Na usiandike kwamba nyumba zilikuwa vibanda vya kubomoka kila kizazi. Ndivyo ilivyodhaniwa mwanzo, kwa sababu kuta zilionekana kujengwa upya mara nyingi. Baadaye ikaeleweka kwamba paa lilibebwa na jozi za mbao kubwa zilizopinda, zilizosimama juu ya mawe. Ukuta uliziba nafasi tu, ukabadilishwa huku paa limesimama.

Mdadisi_wa_Mahame

Asanteni sana. Ramani za zamani za eneo hili nizitafute chini ya jina gani?

Mwana_Parokia

Tafuta chini ya East Riding, moja ya sehemu tatu za zamani za Yorkshire. Wharram iliingizwa North Yorkshire mwaka 1974, na ukitafuta kwa jina jipya peke yake utakosa kumbukumbu nyingi. Ramani za inchi sita kwa maili, za katikati ya karne ya 19, zipo bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Fuata mstari wa mpaka wa parokia na usome jina la kila kitongoji. Angalia pia reli ya Malton hadi Driffield iliyofunguliwa 1853.