Virusi inachezaje na seli zinazozuia kinga ya nguruwe?

mfugaji_butula
Habari zenu wadau. Niko Butula, Busia, nafuga nguruwe wachache tu hapa nyuma ya nyumba. Homa ya nguruwe imepita kwa jirani ikamaliza zote, masikio yanageuka zambarau, hazili, zinalaliana pembeni zikitetemeka na siku chache baadaye ni kufukia tu. Sasa huyu wa agroveti ananiuzia poda ya kuongeza kinga, na kijana wangu anayesoma Egerton anasema ati kuna seli za kinga ambazo kazi yao ni kuzuia kinga, na virusi inazitumia. Kwani mwili unajizuia wenyewe aje? Na hiyo poda nichukue ama niwache?

daktari_wa_njoro
Mzee wangu, pole kwa jirani. Kijana hajakudanganya. Zinaitwa seli T za kudhibiti, zinajulikana kwa protini moja inaitwa Foxp3, na zile tuzo za Nobel za tiba za 2025 zilipewa Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi kwa sababu ya hizo hizo. Ni breki. Bila hizo kinga ikishamaliza adui inageukia mwili wenyewe, maini, matumbo, ngozi. Nguruwe pia anazo.

Sasa virusi mjanja anafaidika breki ikikanyagwa mapema. Ugonjwa uliosomwa sana hapa ni PRRS, ule wa kutoa mimba na kukohoa, virusi yake inaingia kwa makrofeji za mapafu, zile seli za kinga zinazomeza viini, na kwenye maabara ile aina ya Marekani ilifanya hizo seli za Foxp3 ziongezeke, ile ya Ulaya haikufanya hivyo vizuri. Ndio unaona nguruwe anaonekana amepona lakini virusi bado imejificha kwa tezi miezi kadhaa, na bakteria wengine wanaingia kifuani kirahisi.

mama_nguruwe_kisumu
Dakitari asante lakini tusimchanganye mzee, ya Butula si PRRS, hiyo aliyoeleza ni homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ambao Montgomery aliuandika hapa hapa Kenya 1921. Hii ikija kwa ukali haingoji mambo ya breki. Inaingia kwa makrofeji, hizo zinamwaga kemikali nyingi kwa damu, halafu seli nyeupe ambazo virusi haijagusa hata nazo zinakufa kwa wingi. Nguruwe ameenda kabla kinga ijipange.

Breki inakuja kwa chanjo. Kuna virusi dhaifu inaitwa OURT88/3, ilitoka kwa kupe wa Ureno, nguruwe waliochanjwa nayo wakapimwa baada ya karibu miezi minne hawakuwa na kinga tena, na damu yao ilikuwa na seli za kudhibiti nyingi pamoja na ile kemikali ya kutuliza, IL-10. Hiyo karatasi ya utafiti ilinisumbua roho, juu tumekuwa tukidhani chanjo ikishika mara moja imeshika.

mfugaji_butula
Asanteni sana. Kwa hivyo poda hakuna kitu? Na kuna chanjo yoyote nipate?

daktari_wa_njoro
Mama nguruwe amenisahihisha vizuri, ni kweli hiyo ni ASF, yaani hiyo homa ya nguruwe ya Afrika. Poda usinunue mzee, hakuna poda inayozuia hii virusi, hiyo pesa nunua dawa ya kuua viini uweke kwa mlango wa banda. Chanjo, Vietnam iliruhusu zake 2023 lakini zimetengenezwa kwa virusi aina ya II, huku kwetu Busia iliyozoeleka ni ya IX, kwa hivyo mtu akikuletea chupa ya magendo mfukuze.

mama_nguruwe_kisumu
Na makombo ya hoteli chemsha mpaka yatokote vizuri, hasa kama yana mabaki ya nyama ya nguruwe, hapo ndipo inapita sana. Yule dalali anayezunguka na pikipiki kuangalia nguruwe asiingie bandani na gambuti zake, ametoka kwa boma ngapi leo hujui. Jirani naye asiuze mgonjwa hata mmoja, mwambie ampigie afisa wa mifugo. Zako bado zinakula?

mfugaji_butula
Zinakula zote. Moja tu ana kikohozi kidogo, nitampima joto jioni nirudi hapa.